Nzuri, Ila

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimevaa viatu vya jirani yangu. Nilikuwa nimekwenda kujitambulisha nyumbani kwa msichana niliyetaka kumwoa. Walinikaribisha kwenye kochi ambalo springi zake za upande wa kushoto zilikuwa zimekufa kitambo. Mimi ni fundi wa makochi, jambo hilo nililijua kabla sijakaa, lakini nilikaa kwa heshima, nikabaki nimepinda kama mlango ulioachia bawaba moja. Macho yangu yalikuwa kwenye zulia.

Mjomba wa msichana alinikagua kutoka utosini hadi kwenye vile viatu, kisha akawageukia wenzake akasema, kana kwamba mimi ni kiziwi:

“Huyu hapana. Mwanamume asiyeweza kumtazama mtu usoni kuna jambo anaficha.”

Pembeni, kwenye kiti cha mbao, alikaa dada mkubwa wa msichana, miwani imening’inia kifuani kwa uzi, anamenya karanga. Hakuinua kichwa.

“Mjomba, huyu umemfahamu tangu lini?”

“Tangu alipoingia hapo mlangoni.”

“Chai yake hata haijapoa.”

“Mimi nikimwona mtu nimemwona. Jicho langu halijawahi kukosea.”

“Halijawahi kukosea, au hujawahi kurudi kuangalia?”

Mama yao alikohoa ili kuficha kicheko. Dada akavaa miwani, akanigeukia. “Shemeji,” akasema, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita hivyo, kabla hata sijakubaliwa, “habari yako?”

“Nzuri.”

Akanyamaza. Sikuwa nimewahi kuona mtu akinyamaza namna ile. Watu wengine ukiwajibu nzuri hushukuru wakaendelea na shughuli zao. Yeye alinisubiri, karanga mkononi, kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke bafuni. Mwishowe akanisaidia kidogo.

“Ila?”

“Ila viatu si vyangu,” nilisema, na sijui maneno yalitoka wapi. “Vinanibana. Na hili kochi springi zake zimekufa. Nikisimama vibaya nitamwangukia mjomba.”

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama yao alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Dada alitupa karanga mdomoni akasema, “Haya, mjomba, hilo ndilo jambo analoficha. Vidole vya miguu.”

Mwaka haukuisha nikamwoa mdogo wake.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu neno lile moja ndilo maisha yake yote. Ningependa kumwandika yeye peke yake, shemeji yangu niliyemheshimu kuliko mtu yeyote, lakini haiwezekani. Nyuma yake anasimama mtu mwingine ambaye sikumpenda jana, simpendi leo, na sitarajii kumpenda kesho. Yeye naye lazima aingie.

Shemeji alikuwa mwanasaikolojia. Alifundisha chuoni, na maofisi yalimwita kila yalipotaka kuajiri watu bila kujuta. Mimi niliishia darasa la saba, na mwanzoni nilimwogopa, nikidhani akinitazama anasoma yaliyomo kichwani mwangu kama gazeti. Aliponiuliza kwa nini nampitia mbali, nikamwambia. Alicheka hadi akakaa chini. “Shemeji, kama ningeweza kusoma vichwa vya watu ningekuwa tajiri. Kazi yangu ni kuwazuia wale wanaodhani wanaweza.”

Nilielewa alichomaanisha siku aliyonipa kazi. Ghala moja kubwa lilikuwa linatafuta madereva wa magari ya kunyanyulia mizigo, na mabosi walikuwa na desturi ya kuwachagua wenye vifua vipana na salamu za nguvu. Wenye vifua vipana walikuwa wanaangusha makontena. Shemeji aliniagiza nimtengenezee kizuizi cha fremu ya mbao kilichovikwa kitambaa kizito, kisha akawakalisha mabosi nyuma yake. Mmoja alisikiliza tu majibu, hakuona sura. Mwingine alionyeshwa mikono ya dereva ikiendesha, hakusikia sauti. Kila mmoja alipima jambo moja na kulinyamazia, na hakuna aliyeruhusiwa kusema “huyu nimempenda” mpaka wote wamalize.

“Lakini mimi huyu nimempenda,” alisema bosi mmoja mnene, akichungulia pembeni mwa kizuizi.

“Kupenda kapende nyumbani kwako,” akamjibu. “Hapa tunapima.”

Walimchukia, na makontena yakaacha kuanguka.

Kazi yake ya pili, aliyoipenda zaidi, ilikuwa kuchunguza kama watu wanaishi vizuri au wanavumilia tu. Chuo kilituma vijana wasomi kwenda mitaani kuuliza watu hali zao. Wakarudi wamejaa furaha. Karibu kila aliyeulizwa alikuwa amejibu nzuri. Mkubwa wao akataka kutangaza kwamba watu wetu wana raha kuliko watu wote duniani. Shemeji alivua kiatu akakipiga mezani.

“Nyinyi mmezaliwa wapi? Mtu wa hapa hata akiwa anaungua moto, mpite umwulize habari, atakujibu nzuri, ila naungua. Mmeandika nzuri mkaondoka. Mmemwacha anaungua!”

Tangu hapo akawafundisha vijana hao, ambao mimi niliwaita wapelelezi wake, kitu kimoja tu, kunyamaza baada ya nzuri. Wasiandike, wasitikise kichwa, wasiseme asante. Wasubiri neno linalofuata. Ndipo watu wakaanza kumwita Mama Ila. Hakujaliwa mtoto, na jina lilimfurahisha. “Wanaonisikia wanadhani nina binti anaitwa Ila,” alikuwa akisema. “Ninaye, na ni mtundu sana.”

Mke wangu alikuwa akimtania. “Dada, na wewe habari yako?”

“Nzuri.”

“Ila?”

“Ila wewe umekula nyama yangu.”

Ndivyo walivyokuwa. Mmoja akiuliza, mwingine akijibu, mimi pembeni na nyundo yangu, sisemi kitu, nimetulia.

Sasa namleta yule mwingine.

Hospitali yetu kubwa ilikuwa na daktari ambaye wauguzi walimwita Daktari Mlangoni. Jina hilo alilipenda, na alilielezea mwenyewe kwa kujisifu kwamba mgonjwa hahitaji kufika kwenye kiti. Kwa jinsi anavyopita mlangoni tu, daktari ameshajua ana nini. Foleni yake ilikwenda haraka na wakubwa walimsifu. Koti lake lilikuwa jeupe sana, lenye mikunjo ya pasi kwenye mikono, na kalamu yake ilikuwa haifungwi, ilikaa wazi muda wote tayari kuandika.

Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu majuma machache nyuma. Mguu wake mmoja ulianza kuvimba, halafu akaanza kulalamika juu ya kifua. Nikampeleka. Muuguzi aliniambia nibaki nje kwenye benchi, lakini mlango ulikuwa wa pazia, na mimi nina masikio. Nilisikia yote, na hayakuwa mengi.

“Karibu mama. Hujambo? Unaendeleaje?”

“Nzuri, daktari, ila…”

“Vizuri sana. Wasiwasi wa uzazi tu huo, hasa mtoto wa kwanza. Kapumzike, kula vizuri. Mwingine!”

Pazia likafunguka, akatoka. Uso wake ulikuwa na aibu, kama mtu aliyekwenda dukani akarudi bila kitu.

“Sijamwambia habari ya kifua,” alisema.

Tukarudi palepale. Muuguzi wa mlangoni akatuzuia kwa mkono. “Mama, umeshaonwa. Si umemwambia mwenyewe unaendelea vizuri?”

Mke wangu hakumaliza wiki. Donge la damu lilitoka mguuni likapanda kwenye mapafu, ndivyo tulivyoelezwa na daktari mwingine, kijana, aliyekuja kutuambia huku anatazama ukuta. Alisema kama lingejulikana mapema lilikuwa na dawa. Halafu akajuta kwamba amesema.

Siku ya mazishi watu walinijia mmoja mmoja wakinishika mkono. “Habari za msiba?” Nikawa najibu, “Nzuri.” Nilijisikia nikijibu nzuri, nikatamani kujitapika. Shemeji alikuwa amesimama karibu yangu, amembeba binti yetu begani. Alinivuta pembeni, nyuma ya magari, akaniambia nimsimulie tena. Nikamsimulia, neno kwa neno, kama nilivyosikia kwenye benchi.

“Alimkatizia wapi?”

“Kwenye ila.”

Aliuma mdomo mpaka ukawa mweupe. Nilidhani atalia. Hakulia.

“Nitampiga,” nilimwambia. “Nitamsubiri getini, nimpige na nyundo yangu ya kazi.”

“Halafu wewe ufungwe, yeye alazwe, watu wampelekee maua? Hapana, shemeji. Usimguse. Mimi sitampiga, na sitamtukana.” Alimpangusa mtoto jasho shingoni, polepole. “Mimi nitamkatiza.”

Tangu siku hiyo tulikuwa na kazi moja, mimi na yeye. Nilimlea binti yangu, nilitengeneza makochi ya watu, nilikula nikalala, lakini ndani yangu nilikuwa mtu anayesubiri. Mtu akinunua sponji mpya kwangu nikawa naikandamiza kwa ngumi nikimfikiria. Nilijua nyumba yake, rangi ya gari lake, saa yake ya kutoka. Kila aliposifiwa mahali nilipata habari. Kila alipopandishwa cheo nilipata homa.

Shemeji aliacha maghala na maofisi, akahamia kwenye hospitali. Aliwaendea wakubwa wa hospitali ile akawaambia anataka kuchunguza jinsi madaktari wanavyoamua, jinsi wanavyofikia kusema huyu anaumwa hiki na huyu haumwi. Hakumtaja mtu. Wakafurahi, wakidhani watasifiwa. Akaweka wapelelezi wake kwenye vyumba vya madaktari wote, na kila chumba mpelelezi alikaa kimya kwenye kona. Hakuwaambia ni daktari yupi alikuwa na kisa naye. Aliwabadilisha vyumba wasije wakamzoea mtu. Yeye mwenyewe hakukanyaga chumba cha Mlangoni.

Mimi nilichoka kusubiri. Siku moja nilimfuata chuoni, ofisini kwake, akiwa ameniita nimrekebishie viti. Alitaka viti vyote viwe na kimo kimoja, chake na cha wageni.

“Shemeji,” nilimwambia, misumari mdomoni, “huyo mtu unamkomoa au unamsomesha? Kaandike tu ni mbaya. Nani atabisha?”

“Ukitoa misumari mdomoni nitakusikia vizuri.”

Nikaitoa. Nikarudia.

“Nikimhukumu kabla sijamwona nitakuwa nimefanya alichofanya yeye,” alisema. “Nataka nimpige kwa kitu ambacho hataweza kukikataa. Nataka kila neno liwe la kweli. Likiwa la kweli linauma zaidi.”

“Na kama wapelelezi wakimwona ni mzuri?”

Aliweka kalamu chini. “Hilo ndilo linaloninyima usingizi.”

Alikonda wakati ule. Alikuwa anasali, yeye ambaye hakuwa mtu wa kusali sana, na najua alichoomba kwa sababu aliniambia mwenyewe siku majibu yalipokuja. Alipanda ngazi za karakana yangu akihema, akakaa juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, springi zinalia chini yake.

“Nilikuwa namwomba Mungu asije akawa daktari mzuri.”

“Na?”

“Mungu amenisikia.”

Madaktari wengi walikuwa wanawakatiza wagonjwa, alinieleza, na hilo alilitarajia. Lakini hakuna aliyemfikia Mlangoni. Yeye nzuri ilikuwa inatosha. Wapelelezi walisikia wagonjwa wakianza ila na kuimeza, mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku, na baadhi yao walirudi hospitalini wakiwa wamebebwa. Nilimwona akitabasamu, na lilikuwa tabasamu ambalo sikuwa nimelijua kwake. Najua na mimi nilikuwa nalo.

“Nikutengenezee nini?” nilimwuliza. “Maana siku ya kumwita lazima nifanye kitu.”

Kweli nilipata cha kufanya. Viti vya chumba cha mikutano cha hospitali vilikuwa vimechakaa, na shemeji akawaambia anamjua fundi. Nilivivalisha ngozi nyeusi ya plastiki. Nilipofika kwenye kile ambacho kingewekwa mbele ya bodi, mikono yangu iliingiwa na shetani. Nilitaka kukipunguza miguu. Nilitaka niache msumari mmoja ukichungulia, mdogo tu, mahali anapokaa mtu. Shemeji alipita kukagua, akakikalia, akainuka, akanitazama.

“Kimo kimoja na vyetu, shemeji.”

“Nilikuwa bado sijamaliza.”

“Kimo kimoja. Asije akasema tulimwonea kwa kiti.”

Nikakisawazisha. Ule msumari nikaupigilia mpaka ndani, kwa hasira.

Siku ilifika. Bodi ya hospitali ilikuwa iamue kama Daktari Mlangoni awe mganga mkuu, kama alivyokuwa anatarajia, au aondolewe kabisa kwenye kuona wagonjwa. Mimi niliitwa kama mtu wa familia ya marehemu. Nilikaa karibu na dirisha, viatu vyangu mwenyewe miguuni, mikono magotini. Yeye aliingia na koti lake la pasi, akakaa kwenye kiti changu, akakunja mguu juu ya mguu. Alinipitia kwa macho kama unavyopitia pazia. Hakunijua.

Shemeji alisoma alichokipata. Hakupandisha sauti. Hakumwita mtu mwongo wala muuaji. Alieleza tu jinsi watu wa hapa wanavyojibu salamu, na neno gani hufuata, na nini hutokea daktari asipolisubiri. Kisha akasema habari za mwanamke mmoja aliyejifungua, mguu umevimba, aliyefika kwenye ila akaambiwa mwingine. Hakusema ni mdogo wake. Sauti haikumtetemeka.

Mwenyekiti, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya sufu, alimgeukia daktari. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyofungua mlango.

“Haya, daktari. Habari ya idara yako?”

Daktari aliteremsha mguu, akajiweka sawa.

“Nzuri, mheshimiwa mwenyekiti, ila…”

“Vizuri sana,” alisema shemeji. “Amesema nzuri. Mwingine!”

Mtu mmoja alicheka kabla hajajizuia. Kisha mwingine. Kisha meza nzima, si kwa furaha, bali kama watu wanaokohoa. Walikuwa wametoka kusikia ile hadithi, na sasa waliiona ikitembea mbele yao. Daktari alibaki na mdomo wazi, na ile ila ikining’inia mdomoni mwake, haina pa kwenda. Nilimwona. Nilimwona kwa macho yangu na nikajisikia mwepesi, nimenyooka, kama mtu aliyeshusha gunia la saruji. Nilijisemea, sasa umejua. Sasa na wewe umeingia ukatoka bila kitu.

Mwenyekiti aligonga meza. “Tafadhali, tafadhali. Daktari, endelea, ulikuwa unasema?”

Lakini ilikuwa imekwisha. Yeye aliwatazama wote, mmoja mmoja, akaishia kwa shemeji. Akafunga kalamu yake, ile isiyofungwa kamwe, akaiweka mfukoni.

“Sina la kuongeza,” alisema.

Wakamwondoa. Hakuwa mganga mkuu na hakuona tena mgonjwa katika hospitali ile.

Nilimfuata ukumbini. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu siku ya benchi, nimeyarudia juu ya kila kochi nililolifunga, maneno makali, ya kumvua nguo. Alikuwa amesimama karibu na ngazi, koti amelivua, amelikunja mkononi. Alinisikia nyuma yake akageuka. Hata hapo hakunijua. Labda alidhani ni fundi tu wa viti, na hakukosea.

“Habari yako, bwana,” alisema kwa uchovu.

Maneno yote yakanikimbia. Mimi ndivyo nilivyo, nikiwa mbele ya watu hunikimbia. Lakini safari ile sikuona haya kwa ajili hiyo. Nilimtazama usoni, jambo ambalo mjomba alisema siliwezi.

“Nzuri,” nilimjibu, nikanyamaza.

Alisubiri. Naapa alisubiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Daktari Mlangoni alimsubiri mtu. Na mimi nikashuka ngazi, ila yangu nikaondoka nayo. Hakustahili kuisikia.

Baadaye alihama mji. Nilisikia anauza dawa za mifugo mahali. Niliposikia nilicheka nikiwa peke yangu karakanani, na sikujiona nimefanya dhambi. Ng’ombe hawasemi nzuri.

Ningeweza kuishia hapo. Mimi nimeishia hapo, nimeshiba. Aliyekataa kuishia hapo ni shemeji.

Jioni ya siku ile alikuja kwangu, tukampikia binti yangu chakula, tukala tukacheka, akaniigizia mdomo wa daktari ulivyobaki wazi. Alicheka kuliko mimi. Lakini juma lililofuata akaja tena, safari hii karakanani, akakaa juu ya springi za kochi, akauliza, “Alipoanza kusema, alikuwa ameinua mkono gani?”

“Wa kulia. Kwa nini?”

“Mtu akiinua mkono anataka kueleza. Au anataka kulaumu mtu.”

“Angesema uongo tu, shemeji.”

“Huenda.”

“Angesema foleni ilikuwa ndefu.”

“Huenda. Foleni kweli ilikuwa ndefu.” Alivua miwani akaifuta kwa nguo, ingawa ilikuwa safi. “Mdogo wangu tunajua alitaka kusema nini, kwa sababu alikuambia mlangoni. Huyu hakumwambia mtu.”

“Na asimwambie!”

“Wewe una hasira nzuri, shemeji,” alisema. “Haijakuchosha.”

Hakumhurumia, nataka hilo lieleweke. Siku zote nilipomchokoza kama amemsamehe alinijibu hapana, tena haraka. Lakini lile swali lilimganda. Chuoni alianza kuwafundisha wanafunzi wake habari ya mtafiti mmoja anayemfahamu, aliyefanya kazi yake vizuri kwa miaka, akapima kila kitu kwa haki, hata vimo vya viti, halafu kwenye neno la mwisho akatupa kipimo. Mwanafunzi mmoja akamwuliza, “Mwalimu, huyo mtafiti alikuwa nani?” Akajibu, “Mjinga mmoja mwenye miwani.” Binti yangu ndiye aliyenisimulia. Miaka ilikuwa imepita, naye alikuwa msichana mkubwa, yumo darasani, anasomea kazi ya mama yake mkubwa.

Aliugua uzeeni, ugonjwa wa figo, akalazwa katika hospitali ileile. Vitanda vilikuwa vipya, mapazia yaleyale. Lakini wauguzi na madaktari walikuwa wengine, na wote walikuwa wamefundishwa kwa mafunzo yake. Nilikuwepo daktari kijana alipokuja kumwona.

“Mama, hujambo? Unaendeleaje?”

“Nzuri.”

Kijana akanyamaza. Akasubiri, kalamu imefungwa, macho kwenye uso wake. Muuguzi naye akasubiri. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akageuza kichwa, anasubiri.

“Ila hamna!” alifoka shemeji. “Nzuri tu! Nendeni!” Walipoondoka akanigeukia, anacheka na kukohoa. “Unaona nilivyowaharibu? Siku hizi huwezi kusema nzuri ukaachwa ulale.”

Nilimletea mto niliomshonea mwenyewe, sponji laini, kitambaa cha rangi ya karanga. Nilimwinua kichwa nikauweka. Alikuwa mwepesi. Siku ile alikuwa na nguvu kidogo, akanishika mkono, akanikagua viatu kama kawaida yake kila tulipokutana, kuona kama ni vyangu. Tulikaa. Alifumba macho, nikadhani amelala, nikasimama niondoke. Nikaona vibaya kuondoka bila kuaga.

“Shemeji,” nilimwita polepole, “habari yako?”

“Nzuri,” alisema, macho bado yamefumba.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza kwake, na nilikuwa najua kunyamaza kuliko wanafunzi wake wote. Nilisimama palepale pembeni ya kitanda nikasubiri, mpaka akafumbua jicho moja.

“Ila yule daktari ningemwacha amalize kusema, shemeji. Halafu ndiyo tumfukuze.”